Kibuyu Nilichokiosha

"Na hao wadudu wako, nikishawameza, wanakula nini?"

Aliyeniuliza hivyo ni cucu, nyanya yangu mzaa mama, akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni lake huko Mukurweini, akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilikuwa nimetoka tu kumweleza, kwa sauti ya mtu aliyemaliza chuo kikuu juzi, kwamba uji wake mchachu ulikuwa umejaa bakteria. Kikombe kimoja, nilimwambia, kina viumbe wengi kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa Mukurweini. Nilitarajia aweke kikombe chini. Yeye alipiga funda jingine, akafuta mdomo kwa kiganja, akauliza swali lake kama mtu aliyeambiwa wageni wako njiani na sasa anafikiria atawapikia nini.

Nilisomea kemia. Nilijua jinsi sukari ya unga inavyogeuka asidi na uji ukawa mkali, na ningeweza kumwandikia hatua zote kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Lakini elimu yangu ilikomea kooni. Kilichoendelea huko chini sikukijua, na kwa kuwa nilikuwa na aibu ya kusema sijui, nilisema, "Wanakufa, cucu. Tumbo linawaua."

"Wote?"

"Wote."

"Hm," alisema, akarudia maharagwe yake.

Mimi ni binti wa pili kwa mama yangu, kwa hiyo kwa desturi yetu nilipewa jina la cucu. Kwa sababu hiyo yeye huniita "mwenzangu", na mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, huniita "mama". Mjomba ni mtu mzima mwenye upara anayefanya kazi ya ofisi mjini Nyeri, na anapoudhika utamsikia akisema, "Mama, mwambie mama ameze dawa," na ni mimi ndiye wa kwanza katika sentensi hiyo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani bila kazi. Mama alikuwa Nanyuki, akifundisha, na akaona heri nikae na cucu kuliko nikae bure kwake nikibishana na redio. Cucu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa akimeza vidonge kwa muda, lakini siku ile mjomba alipotupeleka kliniki, muuguzi aliangalia majibu ya damu, akaangalia karatasi ya zamani, akavua miwani.

"Shosho, hii imepanda. Tutaongeza dawa kidogo na utarudi baada ya miezi mitatu. Kama haitashuka, tutaanza sindano."

Mjomba aliuliza sindano zinadungwa mara ngapi. Aliposikia ni kila siku, aliamua papo hapo, tukiwa bado tumesimama kwenye ujia wa kliniki. Cucu akianza sindano, atahamia kwake Nyeri. Ana friji ya kuwekea dawa, ana mke aliyewahi kusomea huduma ya kwanza, ana chumba.

"Kile cha juu?" cucu akauliza.

"Orofa ya tatu, mama. Hewa nzuri."

"Na ng'ombe atapanda ngazi?"

"Mama, ng'ombe tutauza."

Njia nzima ya kurudi aliangalia nje dirishani. Cucu ana nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, mashina ya kahawa, migomba kwenye bonde, na ng'ombe mmoja mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Babu amezikwa nyuma ya kahawa, na cucu hupita pale kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe. Kumpeleka orofa ya tatu kungekuwa kumng'oa. Nilijua hivyo, mjomba alijua hivyo, lakini mjomba alikuwa na hofu ya kweli; rafiki yake alikuwa amempoteza mama kwa ugonjwa huo huo. Sikuweza kumlaumu. Nilichoweza ni kumwambia, "Nipe hiyo miezi mitatu."

"Utafanya nini?"

"Nitamlisha vizuri."

Nilisema kwa uhakika mkubwa sana.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa sababu kosa langu lilianzia hapo. Kwetu mgonjwa haletewi githeri. Githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja na maganda yake, ni chakula cha kila siku, cha shule, cha shamba, cha mtu mwenye afya yake. Mtu akiugua huonyeshwa upendo kwa vyakula laini na vyeupe. Mara habari zilipoenea kwamba cucu ameambiwa mambo mazito kliniki, wageni walianza kufika. Kina mama wa kanisa walileta mikate mitano. Binamu wa mama alituma mchele kutoka Wang'uru, ule wenye harufu nzuri ambayo inafika kwa jirani kabla sufuria haijafunuliwa. Mwingine alileta sharubati ya pakiti, nami, angalau, hiyo niliificha.

Nilijua mchele ni wanga, sikuwa mjinga kiasi hicho. Niliupima kwa kikombe. Niliandika kwenye daftari kila alichokula, asubuhi, mchana na jioni, na kila asubuhi nilimtoboa kidole kwa kipimo alichonunua mjomba, nikaandika namba. Viazi vitamu niliviondoa, nduma, yaani magimbi, niliziondoa, githeri niliipunguza kwa sababu alikuwa akilalamika tumbo linajaa gesi. Nikaona hesabu zangu ni safi: chakula kidogo, chepesi, kilichopimwa. Kilichobaki bila kupimwa kilikuwa kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari jikoni.

Kibuyu cha uji. Kwa Kikuyu uji huo tunauita ucuru. Cucu aliloweka mahindi na mawele, akayasaga, akayachuja, akapika uji na kuuacha upoe, akaumimina kwenye kibuyu akakifunga kwa gunzi, na baada ya siku mbili ulikuwa tayari kunywewa, mkali, wenye povu. Kibuyu kile hakikuwahi kuguswa na sabuni. Ukiisha, alitia maji baridi na kokoto chache za mtoni, akatikisa, akamwaga kwa haraka kama mtu anayeogopa kumwaga sana, na akabakisha mabaki kidogo chini. Kwa ndani kilikuwa cheusi. Nilipochungulia na tochi ya simu nilisisimka mwili.

Hata hivyo nisingekigusa kama si siku ile ya soko. Nilikwenda Karatina kutafuta mboga, na katikati ya vibanda vya nyanya na kabichi nilimkuta mtu mwenye kipaza sauti akiuza unga wa kijani kwenye vichupa.

"Tumbo lako ni chafu kuliko gunia ya makaa! Uchafu wa miaka kumi umekaa huko ndani! Hii inaosha tumbo, inaondoa sukari, inaondoa presha, inaondoa mume mlevi!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. "Umepimia wapi?" nikauliza.

"Nini?"

"Huo uchafu wa miaka kumi. Nani aliupima?"

Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Ona msomi. Wewe ukioga huwa unapima uchafu kwanza?"

Umati ukashangilia. Mama mmoja mwenye karai ya parachichi alinisukuma kwa kiwiko akasema, "Nunua ama uondoke, msichana, unatuzibia." Nikaondoka nikiwa nimeshindwa mbele ya watu na nikiwa na hasira za mtu aliyekuwa sahihi. Nilitembea nikijiambia kwamba nchi hii inakufa kwa kuamini vitu visivyopimwa, kila mtu na kichupa chake, kila mtu na kibuyu chake.

Nikafika nyumbani. Cucu alikuwa kwenye chama cha wanawake. Nikachemsha maji. Nilikiosha kibuyu kwa maji yanayotokota, nikatia sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ya chupa, nikakisuuza, na kwa kumalizia nikamimina ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na kukiacha juani. Nilimbishia mtu anayeuza kuosha matumbo, kisha nikaenda nyumbani nikafanya kazi yake bila malipo.

Cucu aliporudi alikitoa juani, akakinusa mdomoni pake.

"Umeosha."

"Nimeosha, cucu."

"Na maji ya moto?"

"Na dawa pia."

Alikirudisha kwenye msumari wake. "Sawa, mwenzangu. Sasa kimekuwa safi kama choo cha hospitali."

Alijaribu kuweka uji mwingine humo. Baada ya siku mbili ulinuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo, na juu ulikuwa na utando wa rangi ya waridi. Nikaumwaga migombani. Jaribio la pili halikuwa bora. Nikamwambia haidhuru, nikampikia uji wa pakiti, mweupe na laini, nikakamulia limau ndani ili uwe na ule ukali anaoupenda. Aliunywa nusu, akasema umepikwa vizuri.

Wiki zilizofuata ninazikumbuka kwa namba za kwenye daftari, ambazo sitaziandika hapa. Zilishuka kidogo, kisha zikakataa kushuka, kisha zikaanza kupanda. Cucu alimeza vidonge vyake bila kukosa, nilihakikisha. Alikula nilichompimia. Lakini tumbo lake lilifunga siku tatu, nne. Alichoka. Alianza kuketi pale alipokuwa akisimama, na kuna asubuhi aliniambia nikakate majani ya ng'ombe mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kumwachia mtu. Nilipopita karibu na kaburi la babu nikiwa na mzigo wa majani kichwani, nilihisi kama nimemchukulia cucu kitu chake.

Mjomba alipiga simu kila Jumapili. "Mama, mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Namba?"

Nikamwambia namba. Akasema taratibu, bila kunigombeza, "Nimeshanunua kitanda. Kifupi, asisumbuke kupanda." Wema wake ndio ulionimaliza.

Zikiwa zimebaki wiki kama saba, nilikagua stoo nikakuta mikate iliyoota ukungu pembeni na mchele uliopikwa ukabaki. Kwetu chakula hakitupwi. Nilikata sehemu zilizoharibika, nikachanganya mkate na wali kwenye ndoo, nikaongeza mchele mbichi uliokuwa umeingiliwa na wadudu, nikampa ng'ombe. Alikula mpaka akalamba ndoo. Nilifurahi; nilimwona angalau mmoja katika boma lile anapenda ninachomlisha.

Kesho yake asubuhi ng'ombe alisimama katikati ya zizi ameinamisha kichwa. Ubavu wa kushoto umevimba. Hakutaka majani, hakutaka maji. Taya lake, ambalo siku zote husaga hata akiwa amelala, lilikuwa limetulia. Kinyesi kilikuwa cha maji na kilinuka uchachu. Nilimpigia daktari wa mifugo. Alikuwa upande mwingine wa wilaya, akasema atafika kesho.

Cucu alitoka akaegemea mlango wa zizi. Hakuuliza nilimpa nini. Aliiona ndoo.

Ilitokea kwamba siku hiyo kulikuwa na mtu aliyekuwa aje kumtazama ndama dume wa ng'ombe huyo. Alikuwa mchuuzi wa mifugo kutoka Nanyuki, mzee mwembamba wa kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, ambaye alikuwa amenunua ndama kwa cucu mara nyingi kiasi kwamba walitaniana kama mashemeji. Kiswahili chake kilikuwa cha kunyooka. Cha cucu kilikuwa kile alichokiokota kwenye kiwanda cha kahawa ujanani.

"Salaam, shosho. Huyu ng'ombe amekula nini?"

"Amekula chakula ya wagonjwa," cucu akasema. "Mkate na mchele."

"Cha nani?"

"Yangu."

Mzee akanigeukia. "Nani alimpa?"

"Mimi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu."

"Ndiyo maana. Mtu wa darasa la nne angempa nyasi."

Cucu akacheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka kwa wiki kadhaa, kwa hiyo sikukasirika sana. Mzee aliweka kiganja juu ya ubavu uliovimba, akasikiliza kwa mkono jinsi watu wengine wanavyosikiliza kwa sikio. Akaagiza magadi, nikaleta yale tunayopikia mboga, akayakoroga kwenye maji ya vuguvugu na kumnywesha kwa chupa. Huku akingoja, akaanza kunifundisha.

"Binti, ng'ombe hali nyasi."

"Anakula nini?"

"Ng'ombe ni hoteli. Wageni wako ndani, hao ndio wanaokula nyasi. Yeye anaishi kwa kile wanachomwachia. Sasa wewe umeleta mkate ndoo nzima siku moja. Wale wa nyasi wamekufa. Wale wa mkate wamelewa, wanavunja vyombo."

"Nani alikwambia hayo?"

"Baba yangu. Naye hakusoma. Bisha."

"Sibishi. Nauliza."

"Huko ni kubisha kwa adabu." Akasimama, akajikung'uta. "Shosho, ni nani hapa karibu ako na ng'ombe mzima?"

Alikuwa ameshaanza kuongea kama sisi. Cucu akamwonyesha kwa kidevu boma la juu, la jirani yake mwanamke, mjane kama yeye, ambaye wamekuwa wakiitana kwa kupaza sauti kupitia ua wa miti kwa miaka yote ninayoikumbuka. Tukapanda, mimi na mzee. Ng'ombe wa jirani alikuwa amelala kivulini akicheua. Mzee alimkaribia polepole, akimnong'oneza, akangoja mpaka tonge likapanda shingoni, kisha ghafla akaingiza vidole pembeni mwa mdomo, mahali pasipo na meno, akachomoa donge la kijani linalofuka mvuke.

"Wee!" jirani akapiga kelele kutoka jikoni. "Ati unaibia ng'ombe yangu chakula mdomoni?"

"Nakopa, mama. Tutarudisha mwaka ujao."

Alifanya hivyo mara tatu, akaviringisha madonge yale kwenye jani la mgomba, na tukashuka haraka kabla hayajapoa. Aliyavunja kwenye maji ya vuguvugu, akamnywesha ng'ombe wetu, akimwinua taya na kumsugua koo. Kisha akanawa mikono, akamtazama ndama, akasema atarudi kumchukua ndama huyo mamake akishapona, na akaenda zake.

Nilibaki na lile jani la mgomba mkononi. Lilikuwa bado lina joto. Kama ningemwona mtu akifanya hivyo Karatina kwa kipaza sauti, ningemuuliza amepimia wapi. Lakini nilikuwa nimesoma kemia, na nilielewa sasa alichokuwa akifanya: ng'ombe wetu alikuwa amepoteza wakazi wake, na yule mzee alikuwa amekwenda kuazima wengine mahali walipokuwa bado hai. Niliinua macho. Jikoni, kwenye msumari, kibuyu kilikuwa kinang'aa, kikavu na kitupu.

Asubuhi iliyofuata ng'ombe alikuwa amelala, na taya lake lilikuwa likisaga. Daktari wa mifugo alipofika, alimsikiliza kwa mpira wake masikioni, akauliza ni nani aliyemtibu, akasema hana la kuongeza ila tumrudishe kwenye majani taratibu na tusirudie mkate.

Nikaenda kwa cucu. "Jirani ana ucuru?"

"Ana kibuyu chake."

"Kinachacha vizuri?"

"Mimi nitajuaje? Nenda umwulize."

Nikapanda tena peke yangu, nikasimama mlangoni pa jirani, na nikasema kilichokuwa kigumu kuliko mitihani yote niliyowahi kufanya: kwamba niliosha kibuyu cha cucu kwa dawa, kwamba nilikosea, na kwamba naomba mabaki kidogo ya uji wake tuanzie.

Alinitazama kwa muda mrefu huku midomo yake ikizuia kicheko. "Wiki tano! Mimi nilikuwa nimekata tamaa, nikasema huyu hatakuja." Akanijazia chupa. Nilidhani anacheka kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umesikia habari za choo cha hospitali.

Tangu siku hiyo nilibadilisha mambo mengi kwa pupa. Githeri ilirudi mezani, kwanza vijiko vichache, kisha nusu sahani, taratibu, jinsi daktari alivyosema tumrudishe ng'ombe kwenye majani. Maharagwe na njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, vikarudi na maganda yake. Mboga ya terere, yaani mchicha, kila siku. Nduma kipande. Mkate uliozidi kuletwa tuliugawa kwa wageni wale wale waliouleta, wakaula kwa furaha wakinywa chai yetu. Mchele ukawa wa Jumapili. Ucuru ukachacha, ukapanda povu, na cucu alipounusa alifumba macho. Alianza kupanda kwa jirani karibu kila siku, ati kulinganisha uji, na kile kilima si kidogo. Vidonge aliendelea navyo. Tumbo lilifunguka kabla wiki haijaisha, nami nilielezwa habari hizo kwa kina nisichokihitaji.

Siku ya kliniki mjomba alikuja na gari lililooshwa. Muuguzi aliangalia majibu, akaangalia karatasi ya zamani, akavua miwani, nami nikashika ukingo wa kiti.

"Shosho, umefanya nini?"

"Nimekula githeri," cucu akasema.

"Imeshuka. Haijafika tunapotaka, lakini imeshuka. Sindano tutaiacha kwanza."

Mjomba alikaa chini. Alifuta uso kwa leso, akacheka, kisha akafuta tena. "Na kitanda changu?" akasema.

"Lala wewe," cucu akamjibu. "Kisha unirudishe nyumbani, ng'ombe hajakamuliwa."

Ningependa kuandika kwamba kibuyu kilimponya. Jirani anaamini hivyo, na mzee wa Nanyuki anaamini ni yale magadi ya mboga. Mimi nilibadilisha vitu vitano kwa wakati mmoja, na mtu aliyebadilisha vitano hana haki ya kusifu kimoja. Huenda ni maharagwe. Huenda ni kile kilima. Huenda ni dozi mpya ya vidonge iliyochukua muda kushika, au kwamba mtu anayecheka hula vizuri zaidi. Nimesoma sana tangu wakati huo, na kila ninaposoma huwa naona kwamba hata wanaojua hawajui yote, na wanalisema hilo wazi kuliko nilivyowahi kulisema mimi.

Lakini swali la cucu nilipata jibu lake. Nilimletea jikoni, yeye akiwa kwenye kigoda kile kile. Nilimwambia nilimdanganya: hawafi wote. Wengine wa kwenye uji hupita tu kama wageni wa siku moja, na bado haijulikani sana wanafanya nini njiani. Lakini ndani yetu kuna wengine, wenyeji wa utumbo mkubwa, wengi sana, na hao wanakula kile ambacho sisi tunashindwa: maganda ya maharagwe, maganda ya mahindi, nyuzi za mboga. Wakishakula wanatuachia asidi kidogo ambazo ngozi ya utumbo inazitumia kama chakula chake, na inaonekana zinasaidia mwili kujua la kufanya na sukari. Ukiwalisha mkate mweupe na wali mtupu, karibu vyote huishia juu kabla ya kuwafikia, na wao wanabaki na njaa.

Alisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa magotini.

"Kwa hivyo wanakula githeri."

"Ndiyo, cucu."

"Si ungesema hivyo tu tangu mwanzo."

Sasa nina kazi. Ninapima maziwa kwenye maabara ndogo ya kiwanda kimoja upande wa Nanyuki, na kutwa nzima nahesabu bakteria, wengine nikiwaua, wengine nikiwalea. Cucu bado yuko kwenye nyumba yake ya mbao. Mwaka jana nilikwenda kumwona, nikapanda kumsalimu jirani, na tulipokuwa tukipukuchua mahindi aliniambia kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenitajia.

Siku ya tatu baada ya mimi kuosha kibuyu, jirani alishuka na chupa iliyojaa uji mchachu kutoka kwenye kibuyu chake, ili cucu aanze tena. Mimi nilikuwa bondeni nikikata majani ya mgomba. Cucu alimzuia langoni. Wakati huo alikuwa anajua vizuri kabisa kuhusu miezi mitatu, na sindano, na orofa ya tatu. Alimrudishia chupa mkononi ikiwa imejaa, akamwambia, "Rudi nayo mpaka aje kuiomba mwenyewe. Huyu mtoto ametafuta kazi kila mahali akakosa. Sasa hivi kazi yake ni mimi. Usimfute."